Dakika Tano za Delta

Mwaka 1965 mpiga kura wa Rufiji alipewa karatasi yenye alama mbili, jembe na nyumba. Chama kilikuwa kimoja, TANU, na wagombea wote wawili walikuwa wa chama hicho. Alama ziliwekwa ili asiyejua kusoma naye achague bila kushikwa mkono. Mmoja wa wagombea alikuwa Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi miaka ya 1950 akiwaingiza kina mama TANU kwa maelfu, na ambaye wakati huo alikuwa na cheo serikalini. Warufiji wakamwangusha. Huko Mwanza, katika uchaguzi huohuo, wapiga kura wakamwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha.

Naanzia hapo kwa makusudi. Ukiwasikiliza baadhi ya wachambuzi wa mjini utadhani watu wa kusini mwa Pwani hawajawahi kuwa na kauli, kwamba kura yao hufuata mkumbo. Uwezo wa kumng'oa mkubwa wanao tangu zamani, na Kibiti ya leo, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Rufiji, imeurithi. Kinachowasumbua kiko upande wa pili wa kura: huyo wanayempeleka Dodoma, akifika kule anakabidhiwa kazi gani, na vifaa gani vya kuifanyia?

Kaa gatini Nyamisati ukisubiri maji yajae ili boti za vijijini ziweze kuondoka. Soga ikishafika kwenye siasa, utasikia kitenzi kimoja kinarudi kila mara: kuleta. Mbunge aliyepita alileta nini? Huyu wa sasa ataleta nini? Gati lenyewe, lililojengwa na Mamlaka ya Bandari kwa ajili ya vyombo vya Mafia, utaambiwa fulani kalileta. Zahanati kaileta fulani, mashine ya boti kaileta fulani, na barabara ya kutoka Kibiti hakuna aliyeileta mpaka lami ifike majini.

Sasa fungua Katiba ya 1977, ibara ya 63. Vitenzi vyake ni vingine kabisa: kusimamia, kushauri, kuuliza, kujadili, kutunga, kuridhia. Kuleta hakimo. Wapo wanaosema dawa yake ni elimu ya uraia, watu wafundishwe kazi halisi za mbunge waache kumdai zahanati. Mimi naona watu wa gatini wamelisoma Bunge vizuri zaidi kuliko wanaotaka kuwafundisha. Wanajua kwa uzoefu kwamba muundo wa Bunge letu humchukua mtu aliyetumwa kusimamia ukamrudisha akiwa mwombaji, na mwombaji hupimwa kwa alichopewa.

Tuupitie huo muundo, mengine kwa haraka.

Bunge lina sehemu mbili, Rais na wabunge. Wengi husahau ile ya kwanza. Rais hakai ukumbini, lakini muswada hauwi sheria mpaka atie sahihi, na wabunge wasiozidi kumi huwateua mwenyewe. Wengine ni wabunge wa majimbo, wanawake wa viti maalumu ambao hawapungui asilimia 30, wajumbe watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Spika iwapo hakuchaguliwa miongoni mwa wabunge. Majimbo yalikuwa 264 mwaka 2020. Kwa uchaguzi wa 2025 yakaongezwa yakawa 272, Bara 222 na Zanzibar 50. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kati yao 1,889,773 wako Zanzibar. Gawanya mwenyewe: kiti kimoja cha Zanzibar kinabeba watu kama 38,000, cha Bara kama 270,000. Hiyo ni bei ya Muungano, na waliokubaliana walijua wanalipa nini.

Kibiti kwa hesabu ya vichwa haina la kulalamika. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 217,274 katika wilaya yote ya Rufiji ya zamani, kabla Kibiti haijawa wilaya inayojitegemea, na tayari wilaya hiyo ilikuwa na majimbo mawili. Shida ni kwamba vichwa hivyo havikai pamoja. Upande wa barabara ya Kilwa kuna Kibiti mjini, maduka, mabasi ya kusini, pikipiki. Upande wa bahari kuna delta, kata za Salale, Maparoni, Msala, Kiongoroni na Mbuchi, zilizotawanyika ndani ya mikoko ya hekta zaidi ya 50,000, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko ratiba ya mkutano wa hadhara huipangi kwa saa, unaipanga kwa bamvua na maji mafu. Maji yakipwa boti inakaa kwenye tope, na mheshimiwa anakaa nayo. Mgombea mwenye haraka hutafuta kura zake kando ya lami, na hakuna kanuni ya Bunge inayomkataza.

Jambo la kwanza zito katika muundo huu ni ibara ya 55: waziri na naibu waziri lazima awe mbunge. Tumelizoea mno hata hatulioni. Maana yake ni kwamba anayesimamiwa na anayesimamia wanakaa ukumbi mmoja, wana kura sawa, wanavaa beji moja, na kila mbunge wa chama tawala aliye kiti cha nyuma ni waziri mtarajiwa.

Tazama Rufiji na Kibiti, ndugu wa tumbo moja. Mohamed Mchengerwa aliingia Bungeni kwa jimbo la Rufiji mwaka 2015. Kuanzia 2021 amepitia wizara moja baada ya nyingine, ikiwemo Maliasili na Utalii, na mwaka 2023 akakabidhiwa TAMISEMI, ofisi inayoshika shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Upande wa Kibiti, Ally Seif Ungando alikaa kiti cha nyuma tangu 2015 hadi 2020, akafuatiwa na Twaha Mpembenwe hadi 2025. Sasa mbunge wa Kibiti anapotaka barabara ya delta ipitike, au zahanati ya kisiwani ipate mganga, wa kumuuliza ni nani? Kwa miaka miwili alikuwa jirani yake wa ng'ambo ya mto Rufiji. Simtuhumu yeyote kwa upendeleo. Nasema tu jinsi viti vilivyopangwa: huwezi ukamkaba Jumanne mtu utakayempelekea maombi Jumatano, hasa kama kura za maoni za chama chako zinakaribia na unahitaji kitu cha kuonyesha gatini.

Jambo la pili ni fedha. Bunge hukaa Dodoma mikutano kadhaa kwa mwaka, na mrefu kuliko yote ni wa bajeti, unaoanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Asubuhi siwa huingia, dua husomwa, kisha maswali. Mbunge huuliza swali la msingi lililoandikwa na kuwasilishwa mapema, naibu waziri husoma jibu, mbunge husimama tena na "maswali mawili madogo ya nyongeza", ambayo mara nyingi ni makubwa kuliko la kwanza. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Halafu huanza kuchangia hotuba ya wizara ya siku hiyo: dakika tano, ukibahatika kumi, kengele ya kwanza inakuonya na ya pili inakukalisha. (Karatasi zimepungua; siku hizi wabunge husoma kwenye vishikwambi, neno ambalo Bunge limelisaidia sana kufika mitaani.)

Humo kwenye dakika tano ndimo Kibiti inamoingia. Sikiliza michango ya wabunge wa vijijini ya mkutano wowote wa bajeti na utaona umbo lake halibadiliki: shukrani kwa Mungu, shukrani kwa Rais, pongezi kwa waziri, ombi la barabara, ombi la maji, ombi la kituo cha afya, "naunga mkono hoja". Wako wanaocheka wakisema wabunge wetu hawajui kazi. Mimi naona wanajua vizuri ibara ya 99. Ibara hiyo inasema Bunge halitashughulikia jambo la kutoza kodi wala kutumia fedha za umma isipokuwa limependekezwa na Rais kupitia kwa waziri. Kwa lugha ya gatini: mbunge hana ruhusa ya kuleta. Anaweza kuleta muswada binafsi kuhusu mambo mengine, anaweza kuleta hoja binafsi, lakini hawezi kuingia na muswada unaosema shilingi kadhaa ziende barabara ya Nyamisati. Wa kuandika hiyo ni Serikali, na yeye abaki kuomba iandikwe.

Silaha aliyoachiwa ni ndogo na ina jina zuri: shilingi. Bunge likigeuka kuwa Kamati ya Matumizi, mafungu hupitishwa moja moja, na fungu lenye mshahara wa waziri likifika, mbunge asiyeridhika husimama na kusema nisipopata maelezo ya kutosha natoa shilingi kwenye mshahara wa waziri. Hapo mjadala hufunguka, wenzake humuunga mkono, waziri huahidi, Mwanasheria Mkuu husimama kufafanua sheria, kiti humshauri mbunge aridhike. Kisha, karibu kila mara, mbunge hurudisha shilingi. Nimeona watu wakishangaa kwa nini mtu aliyekuja na hasira zote hizo anairudisha. Itazame ibara ya 90: Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kura ya bajeti kuu hupigwa kwa kuitwa majina, kila mtu akisikika na jimbo lake. Kwa hiyo mbunge ameshika shilingi mkononi huku akijua mwisho wa njia hiyo, akiifuata mpaka mwisho, ni kurudi nyumbani kuomba kura upya baada ya kukiudhi chama kinachopitisha majina. Mkopo wa gari bado haujaisha. Anairudisha.

Mwaka 2009 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na ndipo kitenzi cha gatini kilipoingia rasmi katika sheria za nchi. Sasa mbunge ana fedha kidogo ambazo yeye ni mwenyekiti wa kamati inayozigawa: mabati hapa, saruji pale. Wananchi wameupenda, na siwalaumu. Lakini mtu huyohuyo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri inayotekeleza miradi hiyo, na ni mjumbe wa Bunge linalotakiwa kuikagua halmashauri hiyo. Kofia tatu, kichwa kimoja.

Kuhusu sheria zenyewe nitasimulia kisa cha samaki. Mvuvi wa Msala hakutani na sheria. Anakutana na kanuni: tundu la nyavu liwe la ukubwa gani, samaki awe wa urefu gani, leseni ilipiwe wapi. Bunge hutunga sheria mama, kama Sheria ya Uvuvi ya 2003, kisha humwachia waziri atunge kanuni, na kanuni hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kuanza kuuma. Iko Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo inayozipitia, ila huzipitia zikiwa tayari zinatumika. Mwaka 2018, wakati wa operesheni za uvuvi haramu chini ya Waziri Luhaga Mpina, nyavu zilichomwa moto ziwani na pwani, na wavuvi walilalamika kwamba wanaonewa. Bunge liliyasikia malalamiko hayo kwa utulivu wake wa kawaida. Kisha Juni mwaka huo maofisa wa uvuvi wakaingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki, wakakuta wafupi, wakamtoza faini mtoa huduma. Ukumbi ukawaka. Ikaulizwa heshima ya Bunge iko wapi, na waziri akatakiwa kujieleza. Naibu wake wakati huo, Abdallah Ulega, ni mbunge wa Mkuranga, jimbo unalolipita ukienda Kibiti, kwenye wavuvi waliokuwa wakipimiwa kwa rula hiyohiyo bila ya Spika wa kuwatetea.

Sina haja ya kueleza zaidi kisa hicho. Niongeze tu kwamba mpaka mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa kukipa Kiswahili nafasi yake katika sheria na mahakama, miswada iliandikwa kwa Kiingereza na kujadiliwa kwa Kiswahili. Katiba inamruhusu mtu kuwa mbunge akijua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa miongo mingi, basi, Katiba ilimkubali mbunge asiyeweza kusoma anachokipitisha.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema Bunge letu halijawahi kuuma. Limeuma, na ndiyo maana kisa cha Kibiti kinaniuma zaidi.

Februari 2008 kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Mwaka 2012 saini za kutaka kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda zilikusanywa, na Rais akalipangua baraza la mawaziri kabla hoja haijafika popote. Lakini la karibu zaidi na Kibiti ni Operesheni Tokomeza. Oktoba 2013 vyombo vya dola viliingia vijijini kuwasaka majangili. Wananchi wakalalamika: mateso, vifo, mifugo kuuawa. Wabunge wakayabeba malalamiko yale, operesheni ikasitishwa, na Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya James Lembeli, mbunge wa chama tawala, CCM, ikachunguza. Tarehe 20 Desemba 2013 ripoti ikasomwa ukumbini. Siku hiyohiyo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao: Maliasili, Mambo ya Ndani, Ulinzi, Mifugo.

Miaka minne baadaye ikawa zamu yetu. Viongozi wa vitongoji na vijiji, watendaji, makada wa chama na askari waliuawa mmoja baada ya mwingine katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, Kibiti, katika shambulio moja. Serikali ikaanzisha Kanda Maalum ya Kipolisi Rufiji. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Watu wakalala njiani au wakahama. Mauaji hatimaye yalizimwa, na yeyote aliyeishi Kibiti mwaka ule atakuambia alishukuru. Lakini wakati wa kuzimwa kwake kulikuwa na familia zilizosema ndugu zao walichukuliwa na hawakurudi. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, alitaka uchunguzi. Kamati teule haikuundwa. Ripoti ya wazi, ya kusomwa ukumbini mbele ya taifa kama ile ya Tokomeza, Kibiti haikupata.

Katiba ilikuwa ileile 2013 na 2017. Ibara ya 63 haikubadilishwa hata nukta. Kilichobadilika ni mazingira, na hapo ndipo tunapoona kwamba muundo wa Bunge hauishii kwenye ibara. Kwanza, macho. Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, gharama zikitajwa kuwa sababu. Ripoti ya Tokomeza ilikuwa imesomwa nchi nzima ikitazama. Nani angetazama ya Kibiti? Pili, upinzani ulikuwa katika mgogoro na kiti cha Spika, ukisusia vikao mwaka 2016 na viongozi wake wakiandamwa. Tatu, chama tawala kilikuwa kimeingia zama nyingine chini ya Rais John Magufuli, ambapo Lembeli wa pili angetafakari mara mbili.

Kutafakari huko kuna msingi wa kisheria. Ibara ya 67 inadai kila mbunge awe mwanachama na mgombea wa chama. Ibara ya 71 inasema akikoma kuwa mwanachama, na ubunge umekoma. Mgombea binafsi hana nafasi: Mahakama ya Rufani ilikataa kumruhusu mwaka 2010, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, na katazo bado lipo. Si jambo geni. Mwaka 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, na viti vyao vikaondoka nao. Kwa hiyo ibara ya 100 inampa mbunge kinga ya kusema lolote ukumbini bila kushtakiwa mahakamani, lakini chama hakihitaji mahakama.

Spika naye hana kinga dhidi ya hilo. Job Ndugai alikiongoza kiti tangu 2015 kwa mkono mgumu. Aprili 2019 Bunge lake liliazimia kutofanya kazi na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, kwa sababu Assad alisema katika mahojiano ya redio kwamba Bunge lina udhaifu. Mtu aliyesema jicho linahitaji miwani akatolewa mbele ya jicho. Desemba 2021 Ndugai mwenyewe alisema hadharani neno la kutilia shaka mikopo ya Serikali, na Januari 2022 akajiuzulu. Bunge halikumpigia kura.

Uchaguzi wa 2020 uliwaachia wapinzani majimbo ya kuhesabu kwa vidole. Kanuni za Bunge zinataka kamati za hesabu, ile ya Serikali Kuu na ile ya Serikali za Mitaa, ziongozwe na upinzani, na upinzani wa kuziongoza ulikuwa haba. Wenyeviti wakapatikana miongoni mwa wanawake 19 wa viti maalumu ambao chama chao cha upinzani, CHADEMA, kilikuwa kimewafukuza uanachama Novemba 2020, na ambao kesi yao ilizunguka mahakamani mpaka Bunge likavunjwa 2025. Ibara ya 71, kali kwa wengine, kwao ililegea. Kisha uchaguzi wa Oktoba 2025 ukafanyika CHADEMA ikiwa nje kabisa. Hesabu za halmashauri ya Kibiti, pamoja na zote nchini, hupitia katika kamati hizo. Hili halina haja ya kuwa jambo la kishabiki: hata mwana-CCM wa Kibiti anayedai dawa zilizonunuliwa kwenye vitabu na hazikufika zahanati anamhitaji mtu wa kumuuliza mkurugenzi bila kuogopa simu ya jioni.

Turudi majini, maana huko ndiko muundo unakoonekana ulivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 African Fishing Company ilitaka kugeuza karibu hekta 10,000 za delta kuwa mabwawa ya kamba. Baraza la mazingira, NEMC, lilishauri mradi ukataliwe. Serikali ikaukubali. Waliouzuia hawakuwa wabunge. Wanavijiji wenyewe walikwenda mahakamani kwa msaada wa mawakili wa mazingira, na mabwawa hayakujengwa. Uamuzi wa ukubwa ule, wa kubadilisha jimbo zima, ulifanyika kwenye Baraza la Mawaziri bila kuhitaji kura hata moja ya Bunge.

Bwawa la Julius Nyerere, upande wa juu wa mto Rufiji, lilipita Bungeni kwa njia ya bajeti: mwaka hadi mwaka mafungu ya Wizara ya Nishati yalipitishwa, wabunge wakashangilia megawati 2,115, na Desemba 2022 lango likafungwa maji yakaanza kujaa. Mimi siupingi umeme. Lakini bonde la chini limekula mafuriko tangu enzi. Maji ya masika yakipungua, watu walilima mlao kwenye unyevu uliobaki. Wakati wa mpunga walihamia kwenye madungu kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Na maji baridi yanayoshuka ndiyo yanayoizuia chumvi isipande kwenye mikoko na mashamba. Aprili 2024 mto ulifurika. Mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti zilizama, watu wakahamishwa. Wananchi wakasema maji yamefunguliwa bwawani. Serikali ikajibu kwamba mafuriko ni ya asili ya bonde hilo, na bwawa limepunguza makali.

Mbunge wa Kibiti anayetaka kujua ukweli wake aende wapi? Bwawa ni la TANESCO, Wizara ya Nishati, Kamati ya Nishati. Mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Wizara ya Maji, kamati nyingine. Mikoko ni ya wakala wa misitu, TFS, Maliasili. Wavuvi wako Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Waliohamishwa wako kitengo cha maafa, Ofisi ya Waziri Mkuu. Barabara iliyokatika ni ya TARURA, TAMISEMI. Kamati za Bunge zimekatwa kwa kufuata wizara, na delta imekatwa nazo. Mbunge mwenyewe amepangiwa kamati moja kati ya hizo, pengine isiyohusika hata na mojawapo ya hayo. Zamani kulikuwa na RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde zima iliyoundwa kwa sheria ya 1975. Ilikuwa na kasoro zake nyingi, na Serikali ikaivunja katika awamu ya tano, kabla mkataba wa bwawa haujatiwa saini.

Amebaki mtu mmoja ukumbini ambaye kazi yake inaihusu delta yote, maji, mikoko, kamba, mpunga na watu wake, kwa wakati mmoja. Anasubiri jina lake liitwe. Amejiandikia pointi sita kwenye kishikwambi, ya kwanza ni barabara ya Nyamisati, na anajua kengele italia kabla hajafika kwenye mto.